Kizuri Hakijitunzi: Wachonga Sanamu na Watunzi wa Muziki wa Ujerumani



Wapendwa wasomaji wetu, wahenga walituachia usemi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni usemi huo una ukweli wake. Lakini tukiupeleka katika historia ya sanaa, hatuna budi kuuongezea neno: kizuri huenda kikajiuza, ila hakijitunzi. Kazi iliyo bora kabisa yaweza kuchomwa moto, kuyeyushwa, kufungiwa gizani au kuandikwa jina la mtu mwingine, na uzuri wake usiipatie msaada wowote. Ikiwa imetufikia sisi leo, ni kwa sababu alikuwepo mtu, mara nyingi asiyejulikana, aliyeamua kuitunza.

Juma hili tunawaalika tulitafakari jambo hilo kwa njia ya historia ya Ujerumani, nchi iliyowapa walimwengu wachonga sanamu hodari na watunzi wa muziki ambao wengi wao walikuwa pia wapiga piano mahiri. Tumechagua watu wachache tu: Tilman Riemenschneider, ndugu wawili Fanny na Felix Mendelssohn, Ernst Barlach na Käthe Kollwitz. Hawakuishi wote katika karne moja, wala hawakuwa wa tabia moja. Linalowaunganisha ni kwamba kazi zao zilipita karibu sana na shimo la kusahauliwa.

Tuanze na Riemenschneider. Alizaliwa yapata mwaka 1460 katika mji wa Heiligenstadt. Mwaka 1483 alifika Würzburg akiwa fundi asiye na karakana yake, na miaka miwili baadaye akamwoa mjane wa mfua dhahabu, akapata uraia wa mji na cheo cha fundi mkuu. Tangu hapo karakana yake ilijaa wanagenzi, na maagizo yakamjia kutoka makanisa ya eneo lote la Franconia.

Siku hizo ilikuwa desturi kwamba sanamu ya mbao ikishachongwa, ipakwe rangi na dhahabu. Riemenschneider aliziacha baadhi ya kazi zake kubwa bila rangi, mbao ionekane ilivyo, ili kisu peke yake ndicho kiseme. Katika kanisa la Mtakatifu Yakobo mjini Rothenburg ob der Tauber, kati ya mwaka 1501 na 1505, alichonga sanamu za altare ya Damu Takatifu. Katikati yake kuna Karamu ya Mwisho. Wengi tumezoea kumwona Kristo katikati ya meza na Yuda akiwa amejificha pembeni. Hapa sivyo. Yuda amesimama mahali pa katikati kabisa, mfuko wa fedha mkononi, na Kristo amemgeukia akimpa tonge. Nyuma ya sanamu hizo kuna madirisha madogo ya vioo, hata mwanga wa siku hupita katikati ya mitume na kuzibadilisha nyuso zao kadiri saa zinavyokwenda.

Mchongaji huyo akawa pia kiongozi. Aliingia katika Baraza la Mji mwaka 1504, na mwaka 1520 akachaguliwa kuwa meya. Ndipo ulipofika mwaka 1525, mwaka wa Vita vya Wakulima. Wakulima wa Ujerumani walikuwa wamelemewa na kodi, na kazi za shuruti, na hali ya kumilikiwa pamoja na ardhi waliyoilima. Walidai haki zao, kisha wakashika silaha. Mtawala wa Würzburg, aliyeitwa Konrad von Thüngen, aliutaka mji usimame upande wake dhidi yao. Baraza likakataa, na Riemenschneider alikuwa miongoni mwa waliokataa. Wakulima waliizingira ngome ya Marienberg, hawakuweza kuiteka, na mwezi Juni walishindwa kwa umwagaji mkubwa wa damu. Riemenschneider alikamatwa, akafungwa katika ngome hiyo kwa muda wa majuma manane hivi, akateswa. Simulizi la baadaye kwamba mikono yake ilivunjwa halina ushahidi wa maandishi. Yaliyothibitika yanatosha kuhuzunisha: alinyang'anywa sehemu kubwa ya mali yake, akafukuzwa katika Baraza, na tangu hapo hatujui kazi yoyote kubwa iliyotoka mkononi mwake. Alifariki tarehe 7 Julai 1531.

Wapendwa, sisi Wakatoliki tusiisome sehemu hii kwa haraka. Konrad von Thüngen, aliyekuwa mtawala wa nchi, alikuwa ndiye askofu wa mahali. Mtu aliyelichongea Kanisa nyuso za Kristo na za mitume wake aliteswa kwa amri ya utawala wa askofu. Historia haitudai tuwahukumu marehemu, lakini inatudai tusiufiche ukweli.

Yaliyofuata yana fundisho zaidi. Mwanawe Jörg, aliyeirithi karakana, alimchongea baba yake jiwe la kaburi. Zaidi ya hapo jina la Riemenschneider lilififia kabisa. Mitindo ilibadilika. Mjini Münnerstadt, altare aliyoikamilisha mwaka 1492 ilibomolewa katika karne ya 17 ili kupisha mtindo mpya, na baadhi ya sanamu zake leo zimo katika majumba ya makumbusho ya Berlin na Munich. Katika Kanisa Kuu la Würzburg pia, altare yake kuu iliondolewa. Waliofanya hivyo hawakuwa maadui wa Kanisa. Walikuwa waamini wema waliotaka kitu cha kisasa zaidi.

Na ile altare ya Damu Takatifu ya Rothenburg? Mji huo ulifuata mafundisho ya Luther mwaka 1544, lakini altare ikabaki katika kanisa lake hadi leo, chini ya uangalizi wa Walutheri. Creglingen nako, altare ya Bikira Maria anayepalizwa mbinguni ilifungwa milango yake baada ya mji kuingia katika Matengenezo ya Kanisa, ikakaa gizani karne tatu, hadi ilipofunguliwa tena mwaka 1832. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1822, wachimbaji waliokuwa kazini karibu na Kanisa Kuu la Würzburg walilifukua lile jiwe la kaburi alilolichonga Jörg. Ndipo watu walipoanza kuuliza: huyu alikuwa nani? Jiwe moja la mtoto mwenye heshima kwa baba yake lilifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa takriban miaka 300.

Sasa tuziache mbao na mawe, tusikilize piano. Hatari iliyoikabili kazi ya Fanny Mendelssohn haikutoka kwenye ngome wala kwa askari. Ilitoka nyumbani, ndani ya upendo.

Fanny alizaliwa Hamburg tarehe 14 Novemba 1805, na ndugu yake Felix tarehe 3 Februari 1809. Babu yao alikuwa Moses Mendelssohn, mwanafalsafa mashuhuri wa Kiyahudi. Baba yao Abraham, aliyekuwa mwenye benki, aliamua watoto wabatizwe katika Kanisa la Kiprotestanti mwaka 1816. Familia ilikuwa imehamia Berlin, na watoto hawa wawili walipewa walimu wale wale. Akiwa na umri wa miaka 13, Fanny alimpigia baba yake vipande 24 vya Bach kwa kichwa, bila kutazama nota. Lakini mwaka 1820 baba yake alimwandikia barua yenye kusema wazi kwamba muziki huenda ukawa kazi ya Felix, ila kwake yeye binti utakuwa pambo tu la maisha.

Fanny hakuasi, wala hakuacha kutunga. Aliolewa na mchoraji Wilhelm Hensel mwaka 1829, akazaa mwana, akaendesha nyumba, na siku za Jumapili akawaalika wageni nyumbani kwao Berlin, ambako yeye mwenyewe alipiga piano na kuongoza waimbaji. Alitunga kazi zaidi ya 450. Felix, ambaye alizunguka Ulaya akishangiliwa kama mpiga piano, mwongoza okestra na mtunzi, alimheshimu sana dada yake na kumtaka shauri juu ya kazi zake. Hata hivyo hakuafiki achapishe nyimbo kwa jina lake. Nyimbo sita za Fanny zilitoka ndani ya vitabu viwili vya Felix, kana kwamba ni za Felix. Mwaka 1842 Felix alipomtembelea Malkia Victoria jijini London, Malkia alichagua kuimba wimbo mmoja alioupenda katika vitabu hivyo. Felix ikambidi akiri kwamba huo haukuwa wake, bali ni wa dada yake.

Mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 40, Fanny aliamua kuchapisha kwa jina lake mwenyewe, na safari hii Felix alimtumia baraka zake. Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 14 Mei 1847, akiwa katika mazoezi ya kuiandaa kazi ya ndugu yake, alipatwa na kiharusi akafariki siku hiyo hiyo. Felix hakupona pigo hilo. Alifariki Leipzig tarehe 4 Novemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 38.

Sehemu kubwa ya kazi za Fanny ilibaki katika miswada ya mkono. Mfululizo wake wa vipande vya piano juu ya miezi 12 ya mwaka, alioutunga mwaka 1841, ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1989. Na iko sonata ya piano ambayo yatugusa sisi kwa namna ya pekee, kwa kuwa ni Sonata ya Pasaka, aliyoitunga mwaka 1828. Katika sehemu yake ya mwisho husikika ghadhabu ya tetemeko la ardhi wakati Bwana alipokata roho, kisha piano hutulia katika wimbo wa ibada wenye kumwomba Kristo, Mwanakondoo wa Mungu. Mswada wake ulipojitokeza huko Ufaransa katika karne ya 20, ulikuwa na saini yenye herufi ya kwanza tu ya jina: F. Mendelssohn. Watu wakasema, F ni Felix. Ikarekodiwa mwaka 1972 kama kazi ya Felix. Ni mwaka 2010 tu ambapo mtafiti wa Marekani, Angela Mace Christian, alipoukagua mswada wenyewe, akaona kwamba mwandiko ni wa Fanny na kwamba kurasa zile zinaingia sawasawa mahali palipokuwa na pengo katika kitabu chake cha miswada. Miaka 182 tangu itungwe, sonata ikarudi kwa mama yake. Isingerudi kama ukoo na maktaba zisingezihifadhi karatasi za mwanamke ambaye ulimwengu haukuwa ukimwuliza.

Naye Felix, aliyepata sifa zote, je, alikuwa salama? Hapa ndipo mtunzi na mchongaji wanapokutana. Mwaka 1892 mji wa Leipzig, ambako Felix aliongoza okestra na mwaka 1843 kuanzisha chuo cha muziki, ulimsimamishia sanamu iliyochongwa na Werner Stein. Mwezi Novemba 1936, wafuasi wa Hitler waliokuwa katika uongozi wa mji waliiondoa usiku, meya Carl Goerdeler akiwa safarini. Ubatizo wa Felix haukuwahusu kitu. Wao walitazama damu, na damu ya Felix ilikuwa ya Kiyahudi. Goerdeler aliporudi na kuona sanamu haitarudishwa, alijiuzulu. Aliendelea kuupinga utawala ule, na tarehe 2 Februari 1945 aliuawa kwa kunyongwa. Sanamu ya awali haikuonekana tena. Nyingine iliyofanana nayo ilisimamishwa karibu na kanisa la Mtakatifu Thomaso mwaka 2008.

Mkono huo huo ulimfikia Ernst Barlach. Alizaliwa mwaka 1870, na tangu mwaka 1910 aliishi katika mji mdogo wa Güstrow, kaskazini mwa nchi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, aliishangilia kama wengi. Alipoionja akaibadili nia yake kabisa. Mwaka 1927 alilitolea Kanisa Kuu la Kilutheri la Güstrow kumbukumbu ya waliokufa vitani: malaika wa shaba nyeusi, ananing'inia hewani kwa mnyororo, amelala kifudifudi juu ya vichwa vya watu, macho yamefumba, mikono imekunjwa kifuani. Hana upanga wala shada la ushindi. Yeye huomboleza tu. Barlach alisema kwamba uso wa mchongaji mwenzake, Käthe Kollwitz, ulijiingiza ndani ya malaika huyo bila yeye kukusudia.

Uso huo haukuwa mgeni wa maombolezo. Kollwitz, aliyezaliwa Königsberg mwaka 1867, alikuwa na mwana aitwaye Peter. Mwaka 1914 kijana huyo wa miaka 18 alitaka kwenda vitani kwa hiari yake. Baba alikataa, na mama ndiye aliyembembeleza baba akubali. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Peter aliuawa nchini Ubelgiji. Mama alianza kufikiria kumbukumbu yake kabla ya mwaka kwisha, akaichonga, akaiacha, akaianza upya. Ilimchukua karibu miaka 18. Mwaka 1932 sanamu mbili za mawe ziliwekwa katika makaburi alimolazwa kijana: baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja peke yake, na nyuso ni za Kollwitz na mumewe. Katika miaka ya 1950 ziliondolewa pamoja na makaburi hayo na kupelekwa Vladslo, ambako zipo hadi leo.

Utawala uliopenda vita haukuweza kuvumilia malaika anayelia. Mwezi Agosti 1937 malaika wa Güstrow aliteremshwa, na viongozi wa Kanisa la mkoa ule hawakumkinga. Barlach alifariki tarehe 24 Oktoba 1938, akiwa amezuiwa na kudharauliwa, na Kollwitz alikwenda kumwona akiwa katika jeneza, akamchora. Baadaye malaika aliyeyushwa ili shaba yake itumike vitani.

Lakini kalibu ilikuwa bado ipo. Mwaka 1939 marafiki wachache wa marehemu waliitumia kwa siri kusubu malaika wa pili, wakamficha katika kijiji cha Schnega hadi vita ilipokwisha. Fikirini, wapendwa, maana ya tendo hilo. Watu hawa hawakuwa na jeshi. Walichoweza ni kumimina shaba katika kalibu, kufunga mlango, na kunyamaza. Malaika huyo wa pili ndiye anayening'inia katika kanisa la Antoniter mjini Köln tangu mwaka 1952. Kutoka kwake ikachukuliwa kalibu mpya, na mwaka 1953 malaika wa tatu akarudishwa Güstrow. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imegawanyika nchi mbili zenye uadui, na uso uleule wa mama aliyefiwa ukawa unaning'inia pande zote mbili za mpaka.

Tunajifunza nini basi? Kwanza, waliopoteza kazi hizi hawakuwa waovu peke yao. Wapo waliopenda mitindo mipya, wapo waliompenda binti yao lakini wakaona kipaji chake ni pambo, na wapo viongozi wa dini walionyamaza. Pili, waliozitunza hawakuwa wenye nguvu. Alikuwa mtoto aliyechonga jiwe la kaburi, walikuwa Walutheri walioiacha altare ya Kikatoliki mahali pake, walikuwa ndugu waliohifadhi karatasi, walikuwa marafiki wenye ghala kijijini. Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti: mtunzi na mtunzaji. Bila wa kwanza hatuna kitu cha kurithi, na bila wa pili urithi hautufikii.

Tatu, na hili tunalisema kwa walimu wa kwaya na wanakamati wetu, mara nyingi utunzaji ni jambo dogo. Saini yenye herufi moja ilitosha kumnyima Fanny sonata yake kwa miaka mingi. Basi nakala ya wimbo iandikwe jina kamili la mtunzi na mwaka, hasa kama mtunzi ni mama mnyenyekevu asiyependa kutajwa. Sanamu ya mbao iliyochakaa isitupwe kabla hatujauliza ni nani aliyeichonga. Daftari la marehemu mwalimu wa kwaya lisifungiwe vitumbua. Huenda tunayaona hayo kuwa makaratasi tu, na kumbe ndiyo kalibu pekee iliyobaki.

Tunawatakia juma jema lenye amani. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akitujalia.